Homa ya ini C: dawa ni vidonge vya wiki 12, kwa nini mgonjwa bado anasukumwa hadi kwa bingwa?

Tabibu wa Pwani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za homa ya ini humu ndani karibu zote zinahusu B, na si ajabu, B ndiyo iliyotapakaa kwetu. Lakini mara kwa mara anaingia mtu na kuandika kwamba alikwenda kuchangia damu, akaitwa pembeni, akaambiwa ana C. Majibu anayopewa yananiumiza. Huyu anamwambia anywe rosela na mlonge, yule anamwambia ajiandae kisaikolojia, mwingine anamuuliza kama ana maadui. Hakuna anayemwambia jambo la kwanza analostahili kulisikia, kwamba C inapona. Hatuifubazi kama VVU wala hatuishi nayo kwa kuidhibiti kama B. Kirusi kinatoka mwilini kabisa.

Mimi ni afisa tabibu, nimepitia zahanati na sasa niko kituo cha afya. Nimeona wagonjwa wa C wakipotea katikati ya rufaa, ndiyo maana naandika kwa urefu. Ninachodai ni hiki: mgonjwa wa C ambaye ini lake halijaharibika atibiwe palepale alipopimiwa, na muuguzi au tabibu anayemjua. Bingwa abaki na wale ambao ini limeshachoka.

Kirusi cha C kilitambuliwa mwaka 1989. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za interferoni pamoja na vidonge vya ribavirini, wiki 24 hadi 48. Mgonjwa alipata homa, nywele zilipukutika, damu ilipungua, wengine walipata sonona kali hadi kufikiria kujiua, na baada ya mateso yote hayo karibu nusu tu ndio waliopona. Kwa tiba ya namna ile ilikuwa haki kabisa mgonjwa awe mikononi mwa bingwa. Mwishoni mwa 2013 ikaidhinishwa sofosbuviri, ambayo ni kidonge. Ikiunganishwa na daklatasviri au velpatasviri, mgonjwa anameza kwa wiki 12, na zaidi ya 95 kati ya 100 wanaomaliza dozi wanapona. Madhara mengi ni kuumwa kichwa na uchovu. Mchanganyiko huo unafanya kazi kwa karibu aina zote za kirusi, kwa hiyo hata kile kipimo cha gharama cha kutafuta aina ya kirusi si lazima tena kabla ya kuanza.

Dawa ilibadilika lakini safari ya mgonjwa imebaki ileile. Anatoka zahanati kwenda wilayani, wilayani kwenda mkoani, mkoani anapewa tarehe ya bingwa. Kila hatua ina nauli yake, foleni yake na kibarua kilichokosekana siku hiyo. Na C haiumi, inaweza kukaa mwilini miaka 20 bila dalili. Mtu anayejisikia mzima hauzi mbuzi ili aende kuonana na daktari wa mbali. Anaacha. Akirudi tumbo limeshajaa maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wanaishi na C, na mwaka 2022 waliokufa kwa ajili yake ni kama 242,000. Hao wanakufa kwa ugonjwa wenye dawa.

Najua kuna watakaosema muuguzi hawezi. Washington, mji mkuu wa Marekani, walilijaribu hilo katika vituo vya afya vya jamii, kwa wagonjwa 600, wengi mno wao Wamarekani weusi. Baadhi walitibiwa na wauguzi wenye ruhusa ya kuandika dawa, baadhi na madaktari wa kawaida, baadhi na mabingwa. Watoa huduma wote walipata mafunzo yaleyale ya saa 3. Matokeo yalichapishwa 2017: kwa wauguzi walipona asilimia 89.3, kwa madaktari wa kawaida 86.9, kwa mabingwa 83.8. Sisemi muuguzi anamzidi bingwa. Nasema mgonjwa aliyebaki na muuguzi wake hakupoteza chochote. Na kama asilimia hizo haziko juu ya 95, kumbukeni kwamba walioacha kurudi kliniki walihesabiwa kama hawakupona.

Karibu zaidi na sisi ni Uganda. Ilikuwa moja ya nchi 5 zilizoshiriki utafiti uliochapishwa 2022, pamoja na Brazili, Afrika Kusini, Thailand na Marekani. Mgonjwa alikabidhiwa vidonge vyote 84 siku ya kwanza, akaenda zake nyumbani. Hakukuwa na kipimo cha aina ya kirusi, wala kurudi kliniki, wala kuchukuliwa damu katikati ya dozi, isipokuwa kutafutwa mara mbili tu kuulizwa maendeleo. Kati ya wagonjwa 399, waliopona ni 379. Hiyo ni asilimia 95.

Karibuni tujadili. Wenye maswali waulize, wenye kupinga wapinge kwa hoja.

Msafiri wa Tanga

Mkuu, huu uzi umenikuta pabaya. Mimi nilikuwa naenda Uarabuni kufanya kazi ya udereva. Wakala akatupeleka kliniki kupima, wenzangu wakapita, mimi nikaambiwa sifai, nina C. Nilipouliza nifanye nini nikaambiwa "nenda hospitali kubwa", basi. Sikwenda. Nikasema nikae kimya nisije nikaonekana mwathirika. Je, kile kipimo chao ni cha kuaminika? Na ina maana nimewaambukiza mke na watoto?

Maabara Kwetu

Pole sana ndugu yangu. Niko maabara, nikujibu upande wa kipimo.

Kile kipimo cha haraka, cha tone la damu na mistari miwili, kinatafuta kingamwili. Kingamwili ni alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Hakisemi kama kirusi bado kipo. Takriban watu 30 kati ya 100 wanaoambukizwa C hukiondoa wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, lakini kingamwili zinabaki. Kwa hiyo unaweza kuwa "chanya" kwenye karatasi ya wakala na huna ugonjwa hata kidogo. Kipimo cha pili ndicho kinachoamua, kile kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu.

Hapa ndipo namuunga mkono mleta uzi. Mashine za GeneXpert tunazopimia kifua kikuu, ambazo zimefika hadi hospitali za wilaya na baadhi ya vituo vya afya, zinaweza kupima kirusi cha C pia. Kinachobadilika ni katriji tu, na jibu linatoka chini ya saa 2. Mashine ipo, umeme upo, mtu wa kuiendesha yupo. Kinachokosekana ni katriji kuagizwa. Mimi nimeshuhudia sampuli zinasafirishwa mkoa mzima wakati mashine inayofaa iko chumba cha jirani.

Tabibu wa Pwani

Msafiri, Maabara Kwetu amekujibu vizuri. Kuhusu familia: C husambaa kwa damu kukutana na damu. Sindano ya kuchangia, vifaa vya hospitali visivyotakaswa, damu isiyopimwa, wembe wa pamoja, chale. Kwa kujamiiana inawezekana lakini ni nadra kwa wanandoa wa kawaida. Kula sahani moja, kukumbatiana, kutumia choo kimoja, kunyonyesha, hakuna shida. Mama mwenye kirusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kujifungua, takriban watoto 5 kati ya 100. Mpeleke mkeo akapime mara moja, mumalize wasiwasi. Nyembe na miswaki kila mtu awe na yake.

Na neno "mwathirika" lisikufunge mdomo. Nenda ukapime kirusi kwanza.

Daktari Kijana

Nimesoma kwa makini na nakubaliana kwa sehemu kubwa, ila naomba tusirahisishe mno. Nafanya hospitali ya rufaa, na hawa wanaofika wamechelewa ndio nawapokea mimi. Kuna mambo matatu ambayo tabibu wa kituo asipoyajua ataua mtu.

La kwanza ni B. Ukimtibu C mtu mwenye B bila kujua, B iliyokuwa imelala inaweza kuamka kwa nguvu na kuliangusha ini. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha onyo kali la jambo hilo kwenye dawa zote hizi. Kwa nchi zetu ambako B ni nyingi, kupima B kabla ya kidonge cha kwanza si hiari.

La pili ni dawa nyingine. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye rifampisini hapaswi kuanzishiwa sofosbuviri, kwa sababu rifampisini inaifanya isifanye kazi. Vivyo hivyo dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini. Aliye kwenye amiodaroni, dawa ya moyo, mapigo yake yanaweza kushuka hadi hatari. Anayetumia ARV zenye efavirenzi, daklatasviri hupandishwa kutoka miligramu 60 hadi 90. Dolutegraviri haina tatizo.

La tatu, utajuaje kituoni kwako kwamba ini halijasinyaa? Huna mashine ya kupima ugumu wa ini.

Tabibu wa Pwani

Daktari, hayo yote matatu ni ya kweli, na ndiyo mambo ambayo zile saa 3 za mafunzo zinapaswa kuyafundisha. Lakini angalia: kipimo cha haraka cha B tunacho kliniki ya wajawazito. Mwenye B tutampima zaidi, na akistahili tenofoviri, dawa ya B, ataanzishiwa, kisha C inafuata. Mgongano wa dawa ni kumuuliza mgonjwa anatumia nini na kuangalia jedwali ukutani, kama tunavyofanya kliniki ya VVU (CTC) kila siku. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu anamaliza kwanza. C inaweza kungoja miezi 6.

Kuhusu ini, kuna hesabu ya APRI ambayo Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa mazingira kama yetu. Unahitaji kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani za damu, vipimo viwili tu. Chukua AST ya mgonjwa, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, kisha gawa kwa chembe sahani (kwa maelfu), halafu zidisha kwa 100. Mfano: AST ni 80, kiwango cha juu ni 40, chembe sahani ni 100. 80 kwa 40 ni 2, gawa kwa 100, zidisha kwa 100, unapata 2. Ikizidi 2, chukulia kwamba ini limesinyaa. Huyo mshirikishe bingwa, na baadhi yao dozi huongezwa hadi wiki 24. Lakini kijana mwenye AST 35 na chembe sahani 250 anapata 0.35. Huyo unampeleka kwa bingwa akafanye nini?

Wa kupewa rufaa siku hiyohiyo unamwona kwa macho: tumbo lenye maji, macho ya njano, aliyetapika damu, anayechanganyikiwa. Ongeza aliyewahi kutibiwa akashindwa. Mjamzito anasubiri ajifungue.

Mara ngapi tumeambiwa hatuwezi? Dawa za VVU zilipoanza, ilisemwa ni za hospitali kubwa na madaktari waliobobea. Leo nani anaanzisha na kufuatilia ARV katika zahanati zetu kama si wauguzi na matabibu, tena kwa dawa ambazo mgonjwa anameza maisha yote? Wiki 12 ndizo zitushinde?

Nesi wa Kigali

Salamu kutoka Rwanda. Nchi yetu ilitangaza mpango wa kuitokomeza C mwezi Desemba 2018, na njia iliyotumika ni hiyohiyo anayoisema mleta uzi. Watu walipimwa kwa mamilioni, na tiba ilishushwa kutoka hospitali chache za rufaa kwenda hospitali za wilaya, kisha vituo vya afya, mikononi mwa wauguzi na madaktari wa kawaida.

Ila kuna somo tulilipata ambalo wenzetu wa ukanda huu mlizingatie. Kwetu aina kubwa ya kirusi ni ya 4, na ndani yake kuna kijitawi kinachoitwa 4r ambacho ni kikaidi. Katika utafiti uliofanyika Kigali kwa watu 300 waliopewa sofosbuviri na ledipasviri, waliopona kwa jumla ni asilimia 87, lakini kwa wenye 4r walipona 27 tu kati ya 48. Walioshindwa walipopewa mchanganyiko wa dawa tatu, karibu wote walipona.

Kwa hiyo mimi nasema: rahisisheni kila kitu, lakini kipimo cha mwisho msikifute. Wiki 12 baada ya kumaliza vidonge, mgonjwa arudi apimwe kirusi. Bila hapo hamtajua nani amepona na nani anahitaji dawa nyingine.

Kijana wa Kisauni

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mhamasishaji rika, Mombasa. Nilikuwa mtumiaji wa unga, nikajidunga miaka mingi, sasa niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotusaidia kuachana na unga, na nafanya kazi ya kuwafuata wenzangu maskani. Nimesoma uzi wote nikaona watu wetu hawajatajwa ila kwa neno moja, "sindano".

Kwa sisi, C si jambo la nadra. Mkichangia bomba moja watu wanne, imeingia. Mtu wetu akienda hospitali kubwa anaambiwa aache unga kwanza ndipo apewe dawa ya ini. Au mlinzi anamzuia getini. Au anaketi kwenye benchi hadi arosto (maumivu ya kukosa unga) inamshika, anaondoka. Hiyo rufaa mnayoisema, kwetu sisi ni kama kuambiwa usitibiwe.

Lakini kliniki ya methadoni naenda kila siku. Dirishani wananijua kwa jina. Kidonge cha C kikiwekwa pale pembeni ya kikombe cha methadoni, nakimeza mbele ya nesi kila asubuhi na hakuna siku inayoruka. Kuna mtu gani mwingine nchini anayeonana na nesi kila siku kwa hiari yake? Halafu wanasema sisi hatuaminiki na dawa.

Mama wa Mtaa

Mwanangu, hongera kwa hatua. Lakini niulize kama mzazi. Huyo akipona halafu akarudi kujidunga, si ataambukizwa tena? Dawa za serikali si zitakuwa zimepotea?

Kijana wa Kisauni

Shikamoo mama. Swali lako ni la haki. Ndiyo, mtu anaweza kuambukizwa tena, kupona hakuleti kinga na chanjo ya C haipo. Lakini fikiria, yule mwenye kirusi akiachwa bila tiba atawapa wenzake wote wa maskani. Akitibiwa yeye, na bomba safi zikapatikana, na methadoni ikawepo, mnyororo unakatika. Na akiambukizwa tena, atibiwe tena. Mwanao akipata malaria mara ya pili utamnyima dawa?

Tabibu wa Pwani

Kijana, ahsante sana. Hilo la methadoni lilistahili kuwa kwenye andiko langu la kwanza. Kwa wasiojua, Tanzania ilianza methadoni Muhimbili Februari 2011, Zanzibar ikafuata, na Kenya wana kliniki kama Mathari, Malindi na Kisauni. Methadoni haina mgongano na sofosbuviri wala daklatasviri. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unasema wazi kwamba upimaji na tiba viwekwe kwenye vituo vya msingi, kliniki za VVU, magereza na huduma za watu wanaojidunga, vikitolewa na madaktari wasio mabingwa na wauguzi waliofundishwa. Hakuna sharti la kuacha unga kwanza.

Mvuvi wa Ukerewe

Bei mkuu, bei! Mnatueleza habari njema halafu bei mnaikalia.

Maabara Kwetu

Ilipoingia sokoni Marekani, dozi ya sofosbuviri ilikuwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Mwaka 2014 kampuni ya Gilead ikaviruhusu viwanda vya India kutengeneza dawa ileile kwa ajili ya nchi maskini, bei ikaanza kuporomoka. Mwaka 2023 ikatangazwa bei ya dola 60 kwa dozi nzima ya wiki 12 ya sofosbuviri na daklatasviri, kwa nchi zinazonunua kupitia programu zao. Shida ni kwamba bei hiyo ni ya serikali inayoagiza kwa wingi. Mtu mmoja akienda duka la dawa mjini hakutani nayo.

Tabibu wa Pwani

Hapo ndipo siasa inapoingia, na Misri ni mfano wa kutazama. Wao C waliipata kwa kutibu kichocho. Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980 wanakijiji walichomwa sindano za kampeni, vifaa havikutakaswa vya kutosha, kirusi kikasambaa nchi nzima. Wewe Mvuvi wa Ziwa Victoria unakijua kichocho, ila sisi tunameza prazikwanteli, wao walidungwa. Serikali ikabanana na wauzaji wa dawa hadi bei ikashuka, viwanda vyao wenyewe vikaanza kutengeneza, na kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 wakapima karibu watu milioni 50. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likawapa ngazi ya dhahabu katika safari ya kuitokomeza C. Kwetu C si nyingi kama ilivyokuwa Misri, kwa hiyo hatuhitaji kampeni ya ukubwa ule. Tunahitaji dawa iingie kwenye orodha ya kituo cha afya, na waziri atakayesaini oda ya pamoja.

Msafiri wa Tanga

Wakuu, nimerudi. Nimepima kirusi, na kweli kipo. APRI yangu ni 0.4, B sina, mke wangu hana C. Tabibu aliyenihudumia ameniandikia vidonge, niko wiki ya pili sasa. Swali langu: nikimaliza na nikapona, nikienda tena kupima safari, si watasema sifai kwa sababu ya kingamwili?

Tabibu wa Pwani

Hongera sana. Ndiyo, kipimo cha haraka kitaendelea kuonyesha chanya hata ukiwa umepona, pengine maisha yako yote. Kwa hiyo ukipima kirusi wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho na jibu likawa "hakionekani", omba cheti chenye mhuri wa hospitali, kitoe nakala, uende nacho kila utakapopimwa. Siwezi kukuahidi kwamba wakala au nchi unayokwenda watakikubali, kila nchi ina masharti yake, hivyo waulize kabla hujalipa ada ya kipimo kingine. Kuchangia damu usichangie tena, maana benki ya damu itaikataa kwa kingamwili hizohizo. Vidonge meza saa ileile kila siku, ukisahau meza ukikumbuka siku hiyohiyo, kesho usimeze viwili. Na mfuko wa dawa za asili niliokuona ukiutaja kwenye ule uzi mwingine, uweke kando hadi umalize.